Biblia ya zipu baada ya miezi 14: zipu imekufa, mimi nipo

Nianze na zipu, kwa sababu zipu ndiyo riziki yangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, upande wa Maweni, mwaka wa 17 huu nikishona sare za shule, magauni ya harusi na nguo za kwaya. Zipu mbovu naijua hata kabla haijatolewa kwenye karatasi yake. Ndiyo maana naona haya kukiri kwamba siku niliyonunua Biblia hii sikuivuta zipu hata mara moja. Niliona inang'aa kama dhahabu, nikalipa, nikaondoka.

Ni Biblia ya Kiswahili ya Union Version, maandishi makubwa, jalada jeusi linalofungwa kwa zipu pande tatu, vidirisha vya majina ya vitabu pembeni na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Mnaijua. Jumapili asubuhi ukisimama kando ya barabara utaziona zinapita makwapani mwa akina mama, zimefutuka kwa bahasha za sadaka na picha za marehemu. Nililipa shilingi 1,700. Muuzaji alianza na 1,900. Duka silitaji.

Kwa mwenye haraka: maandishi nyota 5, jalada nyota 2, zipu nyota 1, na hiyo moja ni ya huruma. Asiye na haraka akae nimweleze niliinunua kwa nini, maana bila hilo hataelewa nilivyoitumia vibaya miezi miwili ya kwanza.

Nilikuwa na shoga yangu. Tulikodi chumba kimoja miaka tisa, cherehani mbili, pasi moja, redio moja. Kanisani tuliimba sauti ya pili, bega kwa bega. Mwanawe wa pili, msichana, mimi ndiye mama wa ubatizo. Gauni lake jeupe la siku ile nililishona mwenyewe, nikalitia bitana ya hariri ili lisimwashe. Sasa mwaka juzi, mwezi wa Novemba, kwaya ya akina mama ikaamua kushona sare mpya za Krismasi. Magauni 32. Tukakubaliana tugawane, 16 kwa 16. Nikaenda matangani Kaloleni, nikakaa juma zima. Niliporudi nilikuta cherehani moja chumbani. Yangu. Ya mwenzangu imehama, na vitambaa vyote vya kwaya vimehama nayo.

Hilo pekee ningelimeza. Biashara ni biashara. Kilichonikaa kooni ni sababu aliyowapa akina mama: kwamba mimi nakula vitambaa.

Asiye fundi hawezi kujua uzito wa neno hilo. Mteja analeta mita tatu, gauni linatumia mbili na nusu, na hicho kinachobaki ndicho hupima uaminifu wako. Kumwambia mtu kwamba fundi fulani anakula vitambaa ni sawa na kumwambia kwamba muuza nyama fulani anachinja punda. Mtu hata hakuulizi. Anapita tu mbele ya mlango wako na mfuko wake mkononi, anaangalia upande wa pili. Halafu kwenye kikundi cha WhatsApp mtu akaweka picha ya binti yangu amevaa blauzi ya viraka, akaandika, "Rangi hii jamani si ya kwaya?" Ilikuwa ya kwaya kweli, ya sare za zamani, na vipande vile alinipa shoga yangu mwenyewe, kwa mkono wake, akisema vitamtosha mtoto. Alikuwemo kikundini. Aliusoma ule ujumbe. Alama mbili za buluu niliziona. Akanyamaza.

Nikaacha kulala. Kanisani nikaacha kwenda, maana ningesimama wapi? Jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, akaniambia nisiwe mjinga, twende mahali nikafanyiwe zindiko, maneno ya watu yarudi yalikotoka. Sikumkasirikia. Huku pwani mtu akiumizwa, neno la kwanza analoambiwa ni kinga. Hirizi, kago, zindiko, kila nyumba ina historia yake na hayo, na wanaokataa mchana wapo wanaokwenda usiku. Nilimwambia mimi ni mtu wa kanisa. Siku ya pili yake nikaingia duka la vitabu, na yule kijana wa kaunta, aliyeona macho yangu yalivyovimba, akaniambia hivi: "Mama, hii ukiilaza chini ya mto kwenye Zaburi ya 91, maneno ya watu hayakufiki."

Mwaona? Nililikimbia zindiko, nikalinunua kwa shilingi 1,700.

Basi nikailaza chini ya mto. Imefungwa zipu vizuri, pande zote tatu, isiingie vumbi. Usiku naigusa, nahisi kuna kitu. Matokeo ya mwezi wa kwanza yalikuwa shingo kukakamaa. Nilimpelekea muuza sukari aipime kwa mizani yake: kilo moja na robo. Maneno ya watu hayakupungua hata moja. Wateja wawili wa sare za shule walichukua vitambaa vyao, na mmoja alivipima kwa futi mbele yangu kabla ya kuondoka.

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, ile joto ambayo hata ukuta unatoka jasho. Wanaokaa karibu na bahari wanajua chumvi ya Malindi inavyofanya kazi: mabati, bawaba za mlango, sindano za cherehani, vyote huliwa. Usiku mmoja nikataka kuifungua ile Biblia, walau nione hiyo Zaburi inasemaje, maana nilikuwa nimeilalia bila kuisoma. Zipu ikagoma. Kichwa kilikuwa kimeota kutu, kimekwama kwenye kona ya juu. Nikavuta, pete ya kuvutia ikatoka mkononi mwangu kama jino la mtoto.

Hapa nitoe neno kama fundi. Hiyo si zipu ya chuma, ni bati lililopakwa rangi. Meno yake ni laini. Na kosa kubwa zaidi ni kona: jalada gumu la katoni linapinda kwa pembe kali, na zipu yoyote ikipindishwa hivyo hufia pale pale. Aliyebuni jalada hili hajawahi kushona begi la shule. Na lile wanaloliita ngozi si ngozi, ni reksini. Kufikia mwezi wa sita ilianza kubanduka mgongoni, vigamba vyeusi kwenye shuka kila asubuhi.

Usiku ule nilichukua kipande cha mshumaa, nikasugua meno ya zipu, juu na chini, nikasukuma kichwa kwa ncha ya mkasi. Ikafunguka nusu. Nikapenyeza mikono, na kwa kuwa Zaburi ziko katikati ya kitabu, ndiko nilikoangukia.

Ya 91 niliisoma. Ni nzuri. Atakufunika kwa manyoya yake, chini ya mbawa zake utapata kimbilio, uaminifu wake ni "ngao na kigao." Neno kigao sijalisikia kwa mtu yeyote hai, lakini nililipenda mdomoni. Hata hivyo niseme ukweli: ile Zaburi haikunigusa. Inasema mabaya hayatakupata, na mimi yalikuwa yameshanipata, yameketi sebuleni yamekunja miguu.

Nikapekua. Maandishi makubwa yananisaidia kwa sababu macho ya fundi huzeeka mapema, na stima ilikuwa imepotea, nasoma kwa tochi ya simu. Nikafika ya 55. Sikuwahi kuisikia ikihubiriwa. Mtu anasema angekuwa adui aliyemtukana angevumilia, angejificha. Halafu inakuja: "Bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana." Na mstari unaofuata unasema walikuwa wakitembea pamoja kwenda nyumbani mwa Mungu. Pamoja! Sauti ya pili, bega kwa bega.

Niliketi kitandani nikalia kwa sauti mpaka binti yangu akaja na leso.

Kuanzia hapo nikaacha kuilalia, nikaanza kuisoma. Na nilichogundua ni kwamba Zaburi 150 zile si nyimbo za furaha tupu kama nilivyodhani miaka yote ile ya kwaya. Nyingi ni malalamiko. Mtu anamlalamikia Mungu uso kwa uso, bila adabu wakati mwingine: umelala? umenisahau? mpaka lini? Ya 41 inamtaja rafiki aliyekula chakula cha mwenzake kisha akamwinulia kisigino. Ya 88 haipoi kabisa. Inaanza kwa kulia na inaishia gizani, neno la mwisho kabisa ni "gizani", hakuna haleluya ya kubandika.

Nalisema hili kwa sababu Mama Mchungaji alikuwa amenitembelea mwezi wa Desemba. Alikuja na mkate na sukari, nashukuru, na chai haijachemka akaniambia, "Mama, samehe, ndipo utapona." Ni kweli, Maandiko yanasema tusameheane. Lakini mtu aliyevunjika mguu humwambii "tembea" kabla hujamfunga banzi. Nilihisi nimeumizwa mara ya pili, na safari hii kwa mkate na sukari. Ile Biblia ya zipu mbovu haikuniharakisha. Iliniacha nilalamike miezi minne.

Mtaniuliza, mbona usitumie ya kwenye simu, ni ya bure? Nimejaribu. Ukiwa kwenye Zaburi ya 55, juu ya kioo unashuka ujumbe wa kikundi. Kile kile kikundi. Mkuki na ngao kwenye mfuko mmoja. Ya karatasi haina mlango wa kuingilia watu wengine, na kwa hilo pekee ile bei siijutii.

Kuhusu lugha. Union Version ilitoka mwaka 1952 na Kiswahili chake kina umri. Biblia Habari Njema ni nyepesi zaidi, wanangu wanaielewa haraka, na kama unaanza kusoma nakushauri uanze na hiyo. Lakini kwa maumivu mimi naitaka ya zamani. Zaburi ya 147 inasema Mungu huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao. Kupondeka ni neno la kinu na mchi. Na kuganga! Kwetu kuganga ni kazi ya mganga. Nilipolisoma neno lile nilicheka peke yangu chumbani. Jirani yangu alitaka kunipeleka kwa mganga, kumbe kuna Mganga aliyetajwa kwa kazi yake ndani ya kitabu nilichokuwa nimekilalia.

Kabla ya matatizo haya kwaya yetu iliwahi kwenda Rabai, wakatusimulia habari za Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na mwaka huo huo, miezi michache baada ya kufika, mkewe alijifungua, wakafa wote wawili, mama na mtoto mchanga. Wamezikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Siku ile nilikuwa nawaza chakula cha mchana, sikusikiliza sana. Sasa kila nikifungua kurasa za mwanzo namkumbuka mtu yule, amekaa na kamusi yake na homa yake na nyumba tupu, anatafuta neno.

Kaka yangu sasa. Kaka yangu ni dereva wa tuktuk, si mtu wa kanisa sana. Alisikia kwamba dada yake amejifungia, hafanyi kazi, anasoma Biblia usiku kucha. Akaja mbio. Hakunisalimu hata, alikwenda moja kwa moja jikoni akafunua sufuria. "Unakula?" Nikamwambia nakula. "Watoto wanakula?" Wanakula. "Kuna mtu amekwambia ufunge?" Ndipo nikaelewa. Shakahola, ule msitu ambamo waumini walifunga kula mpaka kufa, iko humu humu kaunti ya Kilifi, na tangu Aprili 2023, walipoanza kufukua, mpaka miili ikapita 400, hakuna mtu wa Malindi anayeona ndugu yake amejifungia na Biblia akalala usingizi. Wale nao waliambiwa wanakimbilia kwa Mungu. Tulikaa na kaka tukala wali na mchuzi wa papa, akanitazama mpaka nikamaliza sahani. Akaniambia nisome ninachotaka lakini mlango uwe wazi na kila Jumamosi anakuja kula kwangu. Amekuja kila Jumamosi mpaka leo, na anakula sana.

Nimeweka hilo hapa kwa makusudi. Kama mtu anakuuzia kinga ya moyo kwa kukutenga na ndugu zako na sufuria yako, kimbia, hata kama ameshika Biblia nzuri kuliko hii yangu.

Sasa niwaonyeshe ukurasa mmoja. Mimi sipigi mistari kwa kalamu. Karatasi ya Biblia hii ni nyembamba kama ganda la kitunguu, wino unatokea upande wa pili (hilo ni kasoro jingine, andikeni). Natumia chaki ya kushonea, ile bapa ya buluu. Haichani karatasi, na ukitaka kuifuta unapangusa kwa kidole. Mwezi wa Machi nilifika Zaburi ya 109. Kama hamuijui, hiyo ni ya laana. Siku zake ziwe chache, kazi yake atwae mwingine, mdai akamate vyote alivyo navyo. Nilifurahi jamani. Nilichora chaki ukurasa mzima, nikaisoma kwa sauti nikilitia jina la shoga yangu kila mahali panapofaa. Kazi yake atwae mwingine! Nikairudia hiyo mara tatu.

Nikafika mstari unaosema watoto wake wawe yatima.

Nikamwona yule msichana amevaa lile gauni jeupe. Nilikumbuka mpaka bitana, na kile kifungo cha mgongoni kilichotoka nikakishona tena huku amelala begani kwangu. Mdomo ukakataa. Sikusamehe mtu usiku ule, msinielewe vibaya. Ila nilifunga kitabu, na ule mstari sijausoma kwa jina la mtu tena.

Jambo la ajabu kuhusu chaki ni kwamba inafifia yenyewe. Mistari ninayoirudia naipaka upya, hivyo 55 na 147 zina buluu nzito hadi leo. Ya 109 sikuipaka tena. Juzi nilipita pale nikakuta kimebaki kivuli tu, kama jasho la mkono.

Kuna mistari mingine miwili nitaitaja kwa sababu hakuna mhubiri anayenihubiria. Wakinijua ni fundi, wote huniletea Dorkasi, yule wa Yafa aliyeshona kanzu, wajane wakalia. Nampenda Dorkasi, lakini nimemchoka. Aliyenisaidia ni Paulo mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo, mzee yuko kifungoni na anamwagizia Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Nguo na vitabu vya ngozi! (Vya kweli, si reksini.) Na mstari unaofuata tu anasema Iskanda mfua shaba alimtendea mabaya mengi, nawe jihadhari naye. Hakusema Iskanda ni ndugu yetu mpendwa. Alisema Bwana atamlipa, na jihadhari naye. Fundi kaumiza, mtume kaandika, barua ikaendelea na habari nyingine. Nilijifunza kwamba inawezekana kumwachia Mungu kesi na bado ukabadilisha kufuli ya chumba. Nilibadilisha.

Turudi kwenye zipu. Mwezi wa saba ilikatika kabisa pale pale konani nilikosema. Cherehani yangu haipiti reksini na katoni kwa pamoja, sindano inavunjika, nikaipeleka kwa fundi viatu mmoja mjini, mzee wa kofia na kanzu, anayekaa kibarazani na masanduku yake ya ngozi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamtolea kitabu. Hakukipokea. Alitazama mikono yake, ina gundi na rangi nyeusi mpaka kwenye viwiko. "Ngoja kwanza." Akainuka, akachota maji kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni taratibu, vidole kimoja kimoja, akafuta, akatandaza kitambaa safi juu ya magoti yake. Ndipo akanyoosha mikono miwili.

"Zaburi imo humu?" akaniuliza. Nikamwambia imo, katikati. "Ya Nabii Daudi," akasema, akakitazama ubavuni bila kukifungua. Akakagua zipu. Akacheka kidogo. Akaniambia hii zipu hata mpya yake ni takataka, anaweza kuitia nyingine kwa shilingi 200, lakini kona itaiua tena, afadhali aing'oe kabisa. Nikamwambia aing'oe. Aliifumua uzi kwa uzi kwa wembe, robo saa nzima, hakuchana hata karatasi moja. Akaifunga katika kile kitambaa chake, akanipa na kitambaa. Nikamlipa 200 akarudisha 100. Kanisani kwangu kulikuwa na watu waliojua jina langu miaka 17 na hawakuniuliza neno. Mzee huyu aliyekutana nami mara moja aliogopa kuweka gundi kwenye kitabu changu. Nilipanda tuktuk nikiwa na kitu kooni tena, lakini si kile cha Novemba.

Kanisani nilirudi mwezi wa nane. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, na sasa nakaa katikati. Kwaya bado. Hakuna aliyeomba msamaha kikundini, ile picha iliwahi kufutwa kimya kimya, basi. Shoga yangu nilikutana naye Desemba sokoni kwenye samaki, sote tumeinamia meza moja ya changu. "Habari za siku nyingi," akasema. "Njema," nikasema. Mkono wangu ulitetemeka, samaki akaniponyoka akaanguka kwenye beseni, maji yakaturukia sote wawili. Alifuta uso, nikafuta uso. Nikamwuliza msichana yuko gredi ya ngapi. Akaniambia. Nikalipia samaki wangu nikaondoka. Usiku nililala. Msije mkadhani tumepatana. Ninachowaambia ni kwamba nililala, na mwaka mmoja kabla ya hapo kumwona kisogo tu barabarani kulinikesha siku mbili.

Na wiki mbili baada ya Krismasi mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa wa kwanza kupita mlangoni kwangu akitazama upande wa pili, aliingia na mita tatu za kitenge. Hakuketi. Akaniambia vipimo, akaacha pesa ya kwanza, na kwenye kizingiti akageuka akasema, "Vipande baki navyo." Nilimrudishia vyote kwenye mfuko, nimevipima na kuviandika daftarini. Sasa naandika kila mteja: mita zilizoingia, mita zilizotumika, vipande vilivyorudi, sahihi. Aliurudisha ule mfuko kesho yake na kuuacha juu ya cherehani yangu.

Kwa hivyo, ununue au usinunue? Maandishi haya makubwa nunua, macho yatakushukuru. Lakini tafuta yenye jalada la kawaida, isiyo na zipu, utapunguza shilingi mia tano hivi. Kama moyo wako umeng'ang'ania zipu, ivute mara kumi palepale mbele ya muuzaji, kona zote mbili, na uweke kipande cha mshumaa kwenye droo. Ukikaa karibu na bahari usiifunge kabisa usiku, chumvi hupenda kitu kilichofungwa. Chini ya mto usiiweke. Na kama muuzaji ataanza habari za maneno ya watu hayakufiki, mwombe punguzo.

Yangu mimi nimeishonea mfuko. Kitenge nje, bitana ya pamba ndani, mfuniko wa kukunja na kifungo kimoja kikubwa cha mbao. Ule wa kwanza niliushona kwa vile vipande vya yule mama, na Jumapili aliponiona nao akaniuliza bei. Mpaka sasa nimeshona 11. Ni shilingi 350, ukileta kitambaa chako ni 200, na mabaki yako utarudishiwa yameandikwa daftarini.